Kuonja Si Kula

Kila alipoonja, alipinda kiganja cha kushoto mpaka chini ya kidole gumba pakafanyika kibonde, akadondosha mchuzi humo kwa ncha ya mwiko, akaupuliza mara moja, akaulamba, kisha akatazama juu darini kama mtu anayekumbuka alikoacha funguo. Ulimi wake haukuwahi kugusa mwiko. Mwiko, alisema, ni wa watu mia nne. Kiganja ni changu. Hata vidonge, vilipoanza kuwa vingi, alivimimina kwenye kibonde kilekile, akavitazama kidogo, akavitupa kinywani. Na hata alipokatazwa kuonja aliendelea kupinda kiganja vilevile, akadondosha, akanusa, akajifuta kwenye aproni. Mazoea yana tabu.

Jikoni walimwita Mizani, maana hakupima chumvi kwa kitu chochote ila mkono, na mkono ule haukukosea. Alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikuwa mkutubi wa chuo hichohicho, na watu walimwita Mkutubi kana kwamba alizaliwa na jina hilo. Ndugu hawa wawili walikaa katika nyumba ya watumishi nyuma ya mabweni, vyumba viwili na sebule ambamo mtu mmoja akisimama mwingine hulazimika kukaa. Mkubwa hakuolewa. Mdogo aliolewa, akarudi, na mkubwa hakumuuliza lolote. Alimwongezea sahani mezani, basi.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi Mizani alishindwa kufunga ngumi, akawa anaushika mwiko kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia. Kisha mabaka yakamtoka mashavuni yakavuka pua, mithili ya mtu aliyepigwa makofi mawili kwa mpigo. Kisha jua likawa adui: akitembea hatua mia mchana, jioni analala na homa. Waliambiwa ni baridi yabisi. Waliambiwa ni sabuni ya vyombo. Waliambiwa ni jicho la mtu anayekitaka cheo chake. Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka miguu ikavimba na mkojo ukatoka na povu, ndipo daktari wa hospitali kubwa, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akawapa jina: lupus.

"Askari wa mwili wako wamegeuka, mama," alisema. "Badala ya kumpiga adui wanawapiga wenyeji. Sasa hivi wako kwenye figo."

"Kwa hiyo kikulacho ki nguoni mwangu," Mizani akajibu.

"Ndani zaidi ya nguoni," alisema daktari, na wala hakucheka.

Vidonge alivipa majina yake mwenyewe. Kile kikali cha kuwatuliza askari, ambacho watu wengi hukiita predi, yeye alikiita Mwenye Nyumba: anakupa pa kukaa, lakini kila mwezi anadai chake. Kile kingine cha kila siku alikiita Mchungu, kwa ladha yake. Kwa kweli Mwenye Nyumba alimpa pa kukaa. Vidole vilifunguka, uvimbe wa miguu ukashuka. Akadai chake pia: uso ulijaa ukawa mviringo kama sinia, shingo ikanenepa kwa nyuma, usingizi ukapotea. Kwenye dirisha la kugawia chakula, pale penye mlango wa bati unaoshushwa kwa mnyororo, wanafunzi wakaanza kunong'ona wasijue kwamba mvuke hubeba sauti.

"Unaona shavu lile? Nyama yetu ile."

"Mwache ale, bwana. Mpishi aliyekonda nani atamwamini?"

Mizani aliwapakulia wote wawili vipande sawasawa. Jioni alimweleza mdogo wake huku akijikanda magoti. "Nyama yao siitii kinywani, wenyewe wanasema iko shavuni. Nitafanyaje, nivue shavu niwaoneshe?"

Ilikuwa kweli, ndivyo alivyoamini. Mizani hakuwahi kukaa chini kula chakula cha chuo. Alikula nyumbani, na huko alikula kidogo.

Mwaka wa tatu wa ugonjwa, figo zilipotulia, daktari aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi ya maabara akaiacha hapo.

"Figo nimezipenda. Hiki hapa sikipendi. Mafuta kwenye damu. Lehemu, ile mbaya. Saba nukta moja, nayo inatakiwa isifike tatu."

"Mafuta gani, daktari? Mimi nakula kama sungura."

"Ugonjwa wenyewe unaleta. Figo zilipougua zilileta. Hiki kidonge kinachokulinda kinaleta. Chakula nacho kinaleta. Hayo matatu ya mwanzo siwezi kuyaondoa. Nikikupunguzia kidonge leo, figo zinarudi kule." Akaegemea kiti. "Mwenye lupus moyo wake huchakaa mapema, mama. Mafuta yakigandamana kwenye mishipa, hatutakuwa na habari ya figo tena. Nakuongezea kidonge cha jioni. Tunapima tena baada ya miezi mitatu."

Hapo Mkutubi alidhani wamemaliza, akashika mkoba. Lakini daktari alivuta karatasi nyingine. Uongozi wa chuo ulikuwa umemwandikia: walitaka maoni yake, je, mtumishi huyu aendelee jikoni, kwenye moto na kusimama kutwa, au ahamishiwe stoo ya mashuka?

"Sijawajibu. Nitawajibu nikiona kipimo kijacho. Kama chakula cha huko ndicho kinachokuponza, nitakutoa."

Stoo ya mashuka waliijua wote wawili. Chumba cha rafu za chuma, hakina moto, hakina harufu ila ya sabuni na dawa ya nondo. Aliyekuwemo wakati ule alikuwa mama mmoja anayesubiri kustaafu, na kila ukipita mlangoni ulimkuta anasubiri.

Njiani Mizani alitembea chini ya mwavuli, kofia kichwani, nguo ya mikono mirefu mpaka vifundoni. Wakakaribia nyumbani.

"Mashuka," alisema. "Nitayaonjaje mashuka?"

Basi Mkutubi akakamata jiko la nyumbani. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuunguza maji, hilo halikuwa siri. Lakini alijua kusoma, na alisoma kila karatasi iliyohusu moyo na mafuta. Mafuta ya kupikia akayapima kwa kijiko cha chai. Ngozi ya kuku akaitupa. Kiini cha yai kikawa marufuku. Maharage, mboga za kuchemsha, samaki wa mvuke, matunda. Jioni, jua likishakufa, aliushika mkono wa dada yake wakazunguka uwanja wa mabweni mara nne, polepole, kama wazazi waliokuja kutembelea mtoto.

"Hii mboga," Mizani aliuliza siku moja, akiigeuza kwa uma, "ilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kula, dada."

"Nakula. Nauliza tu, nijue kama unaambukiza."

Lakini alikula. Kila siku alikula, akamaliza, akasafisha sahani. Na kile kidonge cha jioni, alichokiita Mgeni kwa kuwa alikuja kusuluhisha ugomvi alioufanya Mwenye Nyumba, alikiweka kwenye kibonde cha kiganja na kukimeza mdogo wake akitazama. Mgeni hakuja mikono mitupu. Alileta maumivu ya mapaja yaliyomfanya Mizani ashuke ngazi za jikoni kwa ubavu. Alivumilia. Miezi mitatu ikaisha.

Saba nukta tatu.

Mkutubi aliisoma ile namba juu ya bega la daktari, akaisoma tena. Daktari alitikisa kichwa. Alimpa mwezi mmoja na nusu zaidi, kwa upendeleo, akasema barua ya chuo bado iko mezani kwake, na haiwezi kukaa hapo mpaka iote ukungu.

Kesho yake, Mizani alipokwenda kazini, Mkutubi aliingia chumbani kwake, akamwaga kopo la Mgeni kitandani, akahesabu. Hakupata kidonge kilichozidi hata kimoja. Alikuwa bado amepiga magoti pale, vidonge vimetapakaa juu ya shuka, Mizani alipojitokeza mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua kitambaa cha kichwa.

"Unanihesabia."

"Dada, namba imepanda. Nifikirie nini?"

"Ufikirie nini? Mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa viatu. Leo unanihesabia vidonge kama mtoto aliyeficha dawa chini ya ulimi?"

"Namba haisemi uongo."

"Na mimi je?"

Mkutubi alivirudisha vidonge koponi kimoja kimoja. Kwa siku mbili walisalimiana kama majirani waliogombania uzio. Kilichomchosha Mkutubi zaidi hakikuwa ule ugomvi. Ilikuwa ni kwamba kopo lilikuwa sahihi. Kama dada yake angekuwa anadanganya, kungekuwa na kitu cha kurekebisha. Sasa kulikuwa na mboga zilizochemshwa, magoti yaliyozungushwa uwanjani jioni tisini, na namba iliyopanda.

Siku ya tatu Mizani alitoka alfajiri na kusahau kofia. Saa nne, wakati wa mapumziko ya chai, Mkutubi aliifunga maktaba akaipeleka, maana mchana dada yake angelazimika kukatiza uwanja kwenye jua. Alisimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi. Hakuna aliyemwona. Majiko sita ya gesi yalinguruma. Mpishi wa mboga, mwanamume mnene waliyemwita Bwana Pole kwa mwendo wake, alikuwa amempa mgongo akikata kabichi kwenye meza ya saruji. Mizani alisimama kati ya sufuria tatu ambamo mtu mzima angeweza kuoga.

Akadondosha kiganjani, akapuliza, akalamba, akatazama dari. Akatupa chumvi. Akahamia sufuria ya pili. Akadondosha, akalamba. Akarudi ya kwanza, kujua chumvi imefika. Akachota tena, na Mkutubi akaona anachota juu, pale pale yanapoelea mafuta, mekundu, yenye macho. Akachomoa kipande cha nyama kwenye kikaango, kidogo kama ukucha, akakitafuna, akasema peke yake, "Bado." Baada ya muda akachomoa kingine.

Kuhesabu ndiyo kazi ya mkutubi. Hadi kengele ilipolia alikuwa amefika kumi na tisa, bila kuhesabu nyama.

"Dada."

Mizani aligeuka, akaona kofia, uso ukalainika. "Ahsante. Ningeungua leo."

"Umekula nini asubuhi hii?"

"Uji wako ule. Kwa nini?"

"Na baada ya uji?"

"Sijatia kitu kinywani tangu alfajiri. Muulize Bwana Pole."

"Hajala," Bwana Pole alithibitisha bila kugeuka. "Huyu hali. Mimi ndiye ninayekula, na hakuna anayenipima."

Mkutubi alimtazama dada yake usoni, na hakukuwa na uongo hata chembe. Alikuwa anasema anachokijua. Ndipo mdogo mtu alipotaka kucheka, kisha akataka kukaa chini pale pale sakafuni.

"Nimekuona unalamba kiganja mara kumi na tisa. Na nyama vipande vinne."

"Ah! Hiyo?" Mizani alipunga mwiko. "Hiyo si kula. Hiyo ni kuonja. Kuonja si kula, ni kazi. Fundi anayepima kanzu kwani ameivaa?"

"Fundi haimezi kanzu, dada."

Bwana Pole aliacha kisu. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi aligeuka haraka.

Wapishi hawakuwahi kuliwaza jambo hilo. Daktari aliuliza chakula, akajibiwa chakula. Uonjaji haukuwemo, kama vile mtu akiulizwa amekunywa nini hataji mvua iliyomwingia kinywani. Mizani alikuwa tayari kubishana mpaka jioni. Mkutubi hakubishana. Alichukua kikombe cha bati kwenye rafu, akakiweka karibu na sufuria ya kwanza.

"Nifanyie jambo moja. Leo tu. Kila ukitaka kulamba, mimina humu kiasi kilekile. Na nyama itie humuhumu."

"Nitajuaje kama imeiva?"

"Onja kwa pua."

"Kwa pua!" Bwana Pole akasema. "Afadhali angemwambia apike kwa miguu."

Lakini Mizani, ambaye kwa siku mbili alikuwa ameumia kwa kutoaminiwa, aliona nafasi ya kujisafisha. Alikubali. Chakula cha mchana kikapita, cha jioni kikapita. Walirudi nyumbani na kikombe kimefunikwa kisahani, kimepita nusu. Mkutubi alikiweka ndani ya beseni la maji baridi, dirishani, wakalala.

Asubuhi juu ya kikombe palikuwa na ganda. Jeupe, la manjano kidogo pembeni, nene kama kipande cha sabuni kilichobaki. Mkutubi aliligonga kwa kijiko, likatoa sauti.

Mizani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani, vidole bado havijafunguka kwa asubuhi ile.

"Hii ni siku moja?"

"Siku moja."

"Nina miaka ishirini na mbili jikoni." Akakisogeza kikombe karibu. "Chovya chovya..." alianza, hakumaliza. Kisha akaomba kijiko, akalivunja ganda, akainama kuunusa mchuzi wa chini.

"Vitunguu viliungua," alisema. "Nisingeviacha viungue kama ningeonja."

Hilo ndilo lililobaki sasa: watu mia nne wanataka kula, na mpishi hana ulimi. Bwana Pole alijitolea, lakini tumbaku ilikuwa imemaliza ulimi wake zamani. Kwake chakula kilikuwa cha aina mbili, cha moto na kilichopoa. Mizani aliwatazama wengine mmoja mmoja, akakosa. Mwishowe alisema, kama mtu anayechagua kati ya njia mbili mbaya, "Njoo wewe."

"Mimi? Mimi naunguza maji."

"Sikuambii upike. Nakuambia uonje. Wewe angalau husemi uongo."

Lilikuwa neno la kusameheana, na wote wawili walilipokea hivyo. Tangu siku ile, kila saa nne na kila saa kumi, Mkutubi alifunga maktaba na kwenda jikoni. Dada yake alimwonesha kupinda kiganja. Kibonde cha Mkutubi kilikuwa kifupi, mchuzi ukamkimbilia mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Inataka nini?"

"Chumvi?"

"Usiniulize. Niambie."

"Iko... sijui, dada. Ni nzuri."

"Nzuri si ladha. Funga mdomo. Subiri. Inakupiga wapi?"

Mkutubi alisubiri. "Hainipigi. Iko bapa. Kama imelala."

"Eeh! Bapa naifahamu," Mizani akasema, na macho yakamng'aa. "Lete limau." Akampa kisu. "Kata. Kamua nusu. Usilikamue lote, limau ukiling'ang'ania linakupa uchungu wa ganda."

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Siku moja chumvi ilizidi mpaka maji ya kunywa yakaisha kwenye mapipa, na dirishani mwanafunzi mmoja akapiga kelele, "Leo wametupikia kitabu! Tunasoma tu, hatumezi!" Bwana Pole alishusha mlango wa bati kwa mnyororo kabla Mkutubi hajapata la kumjibu. Lakini neno lilifuata neno. Bapa, kali, imezubaa, inakwaruza, inaishia njiani. Mizani alisikiliza sauti ya mafuta kwenye chuma, akanusa kiganja, akasubiri neno la mdogo wake, akatia mkono wake kwenye kopo la chumvi. Mkono ulikuwa wake bado.

Kipimo kilichofuata kilisema sita nukta tano.

"Imeshuka," daktari alisema. "Haijafika."

Mkutubi alimweleza habari ya kikombe. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Kwa mara ya kwanza walimwona anataka kucheka, lakini alichoka kabla hajafika huko.

"Ni sehemu, mama. Sehemu tu. Sehemu kubwa bado ni ugonjwa na kidonge. Msije mkadhani mmemaliza."

Aliongeza dozi ya Mgeni. Kisha akavuta ile barua ya chuo na kuijibu mbele yao. Aliandika kwamba mtumishi anafaa kuendelea na kazi yake ya jikoni, apewe kiti cha kukalia, asitoke juani, na chini kabisa, kwa mkono: *asionje*. Karani wa chuo aliirudisha mara mbili akiuliza kama hilo ni kosa la uandishi.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mgeni aliyeongezwa alimkaza misuli mpaka akashindwa kunyanyua mkono kuchana nywele, na hakuna aliyejua kama maumivu yale ni yake Mgeni au ni ya lupus iliyoamka. Ikabidi damu ipimwe, Mgeni aondolewe kwa wiki kadhaa, aletwe mwingine mpole zaidi. Namba ikashuka mpaka tano na kitu. Walikula chungwa moja kwa furaha, nusu kwa nusu. Halafu mvua zikaja, viungo vikavimba, figo zikatoa povu tena, Mwenye Nyumba akaongezwa, na namba ikapanda kama vile haikuwahi kuambiwa lolote. Mwaka mzima wa vijiko vya chai na mizunguko ya jioni, kutwanga maji kinuni. Wakaanza tena. Namba ikashuka kidogo. Wakaanza tena.

Mkutubi alichoka. Hakumwambia mtu. Alichoka na samaki wa mvuke, na foleni ya maabara, na sauti ya dada yake akishuka ngazi kwa ubavu. Kulikuwa na asubuhi alipokaa maktabani, funguo mkononi, akatamani namba moja tu katika maisha yao iende inakotakiwa ikakae huko. Kisha saa nne ikagonga, akafunga mlango, akaenda kuonja.

Jioni moja uwanjani alimuuliza dada yake kama naye hachoki.

"Nachoka," Mizani alisema. "Ila wangenipeleka kwenye mashuka ningechoka nikiwa nimekaa." Walitembea nusu ya mzunguko. "Halafu na wewe. Umekuwa na ulimi. Mtu wa kuunguza maji! Mama angekuwepo angesema nimekuroga."

Miaka sita alipata hivyo, jikoni, bila kuonja. Siku aliyoshikwa alidhani ni kiungulia. Alikaa kwenye kiti chake kati ya sufuria, akamwambia Bwana Pole kifua kimebanwa kama kimekaliwa, na Bwana Pole, ambaye hakuwahi kukimbia, alikimbia mpaka maktaba. Hospitali walifanya walichoweza. Moyo, daktari mfupi aliwaambia, ulikuwa umechakaa kama alivyosema. Ila alikuwa amekadiria ungechakaa mapema zaidi. Alilisema hilo akitazama sakafu, na Mkutubi alielewa kwamba anawapa kitu.

Siku ya tatu Mkutubi alileta supu. Aliipika peke yake, nyumbani, kijiko cha chai cha mafuta, bila mtu wa kumwelekeza. Mizani hakuweza kula. Midomo ilikuwa imekauka, na bomba la dripu lilikuwa mkono wa kulia. Lakini alipoona kopo linafunguliwa, mkono wa kushoto uligeuka wenyewe juu ya shuka, na chini ya kidole gumba pakafanyika kibonde.

Mkutubi alidondosha humo. Akauinua ule mkono mpaka puani kwa dada yake, kwa kuwa ulikuwa mzito. Mizani alinusa. Akatazama dari kwa muda mrefu.

"Onja," alisema.

Mkutubi alipinda kiganja chake, akadondosha, akapuliza, akalamba, akasubiri.

"Inataka nini?"

"Iko bapa," Mkutubi alisema. "Inataka limau."

Akainuka kwenda kulitafuta. Mama wa kitanda cha pili alisema kuna muuza matunda getini. Aliporudi nalo, pazia la kitanda lilikuwa limevutwa, na muuguzi alikuwa amesimama nje yake akimsubiri. Kwa hiyo la mwisho alilolisikia kwa dada yake ni lile lililomfuata akiwa tayari mlangoni, kwa sauti ya jikoni kabisa, ya mtu mwenye sufuria tatu motoni:

"Nusu. Usilikamue lote."